Fundo Ambalo Sikulifunga

Kitu cha kwanza nilichokiona ni fundo.

Lilikuwa juu ya wavu wa glavu ya mume wangu, pale kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, mahali mpira unapotua. Mimi mafundo yangu nayafunga mkia ukiwa ndani, mara mbili, kisha naukata kwa wembe. Fundo hili mkia wake ulikuwa nje. Na ncha ya mkia ilikuwa imekatwa kwa meno.

Nikaipeleka glavu puani. Ikanukia nazi.

Nyumbani kwetu hakuna mtu anayetumia mafuta ya nazi.

Mnaonisoma kila wiki mnamjua Leuris wangu. Kwa aliyefungua gazeti leo, nitasema kwa kifupi. Leuris ni mchezaji wa besiboli. Anacheza nyuma, katikati, ndiye anayekimbilia mipira iliyopigwa mbali mpaka ukutani. Wamarekani walimsajili akiwa na miaka kumi na sita, wakasema miguu kama ile hawajaiona. Kisha huko Arizona akampiga kocha ngumi, wakamrudisha. Akaenda Meksiko. Huko akavunja jokofu la maji kwa rungu la kupigia mpira, wakamfukuza. Mashabiki wakampa jina la Kiberiti.

Sasa ana miaka ishirini na saba, amerudi kwetu Dominikana kucheza ligi ya Desemba. Wiki jana niliwaambia jinsi Mmarekani mmoja mrefu, Mister Brandvold, alivyokuja kumtazama kwa mechi tatu. Akimpenda, Leuris anapata mkataba. Asipompenda, Leuris anarudi kukata miwa na kaka zake, kwa sababu hakuna mwingine atakayekuja.

"Lakini ukiwaka hata mara moja," Mister Brandvold alimwambia, "mimi napanda ndege."

Mechi ya kwanza Leuris alicheza vizuri na hakuwaka. Zilibaki mbili.

Na mimi ni Dioris. Najua kushona glavu, mengine sijui mengi. Nilizaliwa kwenye kambi ya wakata miwa. Shule niliiacha darasa la tano, siku mwalimu alipotaka cheti cha kuzaliwa. Babu zetu walivuka mpaka kutoka Haiti kuja kukata miwa, na kwetu hakuna aliyewahi kuwa na cheti. Mjomba wangu Elifet, anayeshona matandiko ya farasi na glavu, akanipa sindano, akasema hii haiulizi karatasi.

Mtu akizungumza na mimi, naangalia miguu yake. Ndivyo nilivyompata Leuris. Aliniletea glavu ishonwe, nikaviangalia viatu vyake mwezi mzima kabla sijaujua uso wake.

Glavu ile haiingii mkono wa mtu mwingine. Ndiyo miiko ya wachezaji wa huku, na Leuris anaishika kuliko wote. Hata mimi nikiishona natia mwiko wa kupikia ndani, si mkono. Na kila asubuhi ya mechi anaiweka mezani. Napitisha kidole juu ya kila fundo, halafu nasema neno moja: "Nzima." Asipolisikia neno hilo, hatoki nyumbani.

Sasa nani amemfungia fundo?

Jumamosi ile asubuhi nilimtazama akila ndizi za kuponda na salami. Nikajikaza. Nikafungua mdomo niulize.

"Nikuongezee yai?" nikasema.

"Niongezee, mke wangu."

Basi, nikamwongezea yai.

Fundo lilikuwa gumu, nililivuta halikulegea. Aliyelifunga hakuwa fundi, lakini alikaza kweli. Nikasema "Nzima," na ilikuwa kweli.

*

Alasiri nilikwenda uwanjani na mama mkwe wangu, doña Mireya. Yeye hukaa na redio ndogo sikioni hata kama mchezo uko mbele yake, maana anasema mtangazaji anaona zaidi.

Kabla mechi haijaanza, Leuris alisimama pembeni mwa uwanja akihojiwa. Mwenye kinasa sauti alikuwa Katiuska, mtangazaji wa televisheni na redio.

"Unamwona yule?" mama mkwe akasema.

"Namwona, mama."

"Huyo kasoma chuo kikuu. Ana gari lake. Angalia anavyosimama! Na wewe, mwanangu, hata rangi ya mdomo? Unakuja uwanjani kama umekuja kuazima chumvi."

Nilikuwa naangalia mikono ya Katiuska.

Alimnyang'anya Leuris glavu. Akacheka mbele ya kamera. Kisha akautumbukiza mkono wake ndani, wote, mpaka kwenye kifundo.

Jukwaa zima likalia: "Ooooo!"

"Kiberiti atawaka sasa hivi!" akapiga kelele mzee mmoja mwenye ngoma. "Kimbieni!"

"Hawaki huyo! Huoni anavyoyeyuka?"

Na kweli, Leuris hakuwaka. Alicheka. Meno yote nje.

Mimi ambaye sijawahi kuitia hata ukucha. Mimi ninayetumia mwiko!

"Mama," nikasema, "redio inasema nini?"

"Inasema mwanangu ni mzuri."

Mechi ilikwisha, Leuris alikuwa amedaka mipira mitano. Pale mlangoni Katiuska akanikuta uso kwa uso, yaani uso wake na utosi wangu.

"Wewe ndiye Dioris! Leuris ameniambia habari zako, mpaka nimechoka. Hujambo, dada?"

Viatu vyake vilikuwa vyekundu.

"Sijambo."

"Mbona huongei? Ana bahati huyo bwana. Mimi wangu ningempata mwenye kunyamaza ningemfunga kamba asitoroke."

Akacheka, akanikumbatia. Nywele zake zikanipita puani.

Nazi.

*

Sikulala usiku ule, na sitawachosha na habari zake. Nawaambia tu nilichokuwa nawaza. Sikuwaza midomo yao wala kitanda. Niliwaza Katiuska ameketi, amepakata glavu, ameinama, anakata mkia wa kamba kwa meno yake. Meno yake kwenye kamba yangu. Hilo ndilo lililonichoma.

Mtu akikuibia mume, watu wanakuhurumia. Akikuibia kazi ya mikono yako utamwambia nani? Watakucheka.

Jumapili asubuhi Leuris akaweka glavu mezani kama kawaida.

"Leo ndiyo leo," akasema. "Mister Brandvold ameniambia nimebakiza mechi moja tu na asiponisikia nikipiga kelele, ananichukua. Nitazamie vizuri, mke wangu."

"Nipe dakika kidogo. Naipeleka uani, kuna mwanga."

"Kwani kuna tatizo?"

"Hakuna."

Nilikaa nayo uani kuliko siku zote. Alipiga mluzi mlangoni, akaita mara mbili. Nilirudi, nikamkabidhi, nikaangalia viatu vyake.

"Eh? Sema basi."

"Nzima," nikasema.

Akanibusu utosini, akaenda.

*

Awamu ya tisa, ya mwisho. Timu yetu inaongoza kwa pointi moja. Wapinzani wana watu wawili njiani, wakifika nyumbani, yaani kwenye kibao walipoanzia, wameshinda. Wamebakiza mpigaji mmoja tu.

Mpira ukapigwa. Ulipiga kelele kama mlango wa chuma.

"Umekwenda!" mama mkwe akashika kichwa. "Umekwenda huo!"

Leuris aliupa mgongo, akakimbia. Hakuutazama tena, anajua unakokwenda. Alifika ukutani, akakanyaga ukuta kwa mguu wa kushoto, akapaa. Mkono ukanyooka. Mpira ukaingia kwenye glavu.

Watu elfu nane wakasimama. Mister Brandvold naye akasimama, kofia mkononi.

Kisha wavu ukafunguka. Niliuona mimi kutoka mbali kule, ulifunguka kama mdomo wa mtu anayetaka kusema. Mpira ukapita katikati, ukampiga shavuni, ukaanguka kwenye majani. Yeye akaangukia bega.

Watu wawili wakakimbia wakafika nyumbani. Tukawa tumeshindwa.

Kila mtu alikuwa anamngoja Kiberiti. Polisi wawili wakasogea karibu na banda la wachezaji. Kocha akaondoa marungu.

Leuris aliinuka taratibu. Mkono mmoja unaning'inia. Akaokota glavu, akaitazama, akaitia kwapani. Akatembea uwanja wote mpaka kwa mrusha mpira wetu, kijana aliyekuwa analia, akamwambia jambo sikioni, akampiga mgongoni.

"Huyu ni mwanangu kweli?" mama mkwe akanong'ona. "Dioris, wamembadilisha?"

Katiuska akamkimbilia na kinasa sauti. Mama mkwe akaongeza redio, na ndipo nikaisikia sauti ya mume wangu ikitoka kwenye kisanduku kile.

"Leuris! Nini kimetokea pale?"

"Fundo limefunguka."

"Nani alilifunga?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Nilijifunza wiki hii. Nimefunga vibaya. Kosa ni langu, waache wengine."

Mama mkwe akanigeukia. "Tangu lini mwanangu anafunga glavu? Si kuna wewe?"

Niliangalia miguu yangu. Nilikuwa nimevaa kandambili tofauti, moja ya bluu, moja nyeupe. Toka asubuhi.

*

Daktari alimfunga bega, akasema mfupa haujavunjika, wiki tatu tu. Nyumbani nikamlisha kwa kijiko.

"Kwa nini ulijifunza?" nikauliza. Nadhani lilikuwa swali la kwanza kubwa kumwuliza tangu tuishi pamoja.

Alitafuna kwanza, akameza.

"Mkataba ni wa miezi minane, Dioris. Jina lako nimelipeleka, wakanirudishia. Huna cheti, huna pasi. Ubalozi hautakupa hata karatasi ya kufungia chumvi."

"Kwa hiyo ungekwenda peke yako."

"Ningekwenda, ningerudi. Sasa kule nani ananifungia? Nitaipa mkono wa mtu nisiyemjua? Nikaona nijifunze, nikiwa kule vidole vyangu vifanye kama vyako. Nikajaribu kule bandani, kamba ikawa kavu. Katiuska akanipa kichupa chake cha mafuta ya nywele. Mafuta gani yale! Wenzangu wameniita mke wa mtu wiki nzima."

Kijiko kilibaki hewani.

"Alitia mkono ndani," nikasema.

"Uliona?" Uso ukamkunjamana. "Nilitaka kumrusha jukwaani! Lakini alikuwa anapiga picha za kumpelekea Mister Brandvold. Ningemkaripia mbele ya kamera? Nilicheka mpaka taya likauma. Nilirudi nikaisugua ndani kwa chumvi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nimejifunza kuishi bila wewe? Ningeanzaje?"

Nilitoka nikaenda kuosha sahani iliyokuwa safi.

Mnadhani wivu ulikwisha? Haukwisha. Ulimwacha Katiuska, ukahamia kwenye mji ambao hata jina lake sikulijua. Miezi minane mji huo ungemwona akiamka. Na vidole vyake vingekuwa vimejua kufunga. Angenihitaji kwa lipi?

*

Jumatatu akaja mjomba Elifet na mfuko wake wa sindano. Leuris ndiye aliyemwita.

"Mjomba, Mister Brandvold amepiga simu. Kesho saa nne anakuja hapa."

"Anakutaka bado?"

"Anasema mtu aliyeangushwa vile asiwake, ndiye anayemtaka. Lakini ana neno. Anasema mchezaji asiyejua kutunza kifaa chake, yeye hawezi kumtetea mbele ya wakubwa wake. Anataka fundi amwambie wazi kilichotokea. Kama ni uzembe wangu, hakuna mkataba. Kama kuna sababu nyingine, basi tutazungumza."

"Na wewe unasema nini?"

"Ni uzembe wangu. Nitadanganya?"

Mjomba akaichukua glavu. Akatia mwiko ndani, kama alivyonifundisha. Akaivuta kamba ya wavu yote nje, akaipitisha kati ya vidole vyake, polepole, toka mwanzo hadi ncha iliyokatwa kwa meno. Akainusa. Akaenda nayo dirishani, akainusa tena. Akatia kidole kwenye tundu la ngozi, akakisugua kwa gumba.

"Mafuta gani ulipaka, mwanangu?"

"Ya nazi, ya Katiuska. Nicheke na wewe."

"Sicheki. Hayo tu?"

"Hayo tu."

Mjomba akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyake, vile vile vya siku zote, vilivyoshonwa upya mara sita.

"Dioris, nipe maji ya kunywa," akasema. Akanifuata jikoni.

Hakunywa maji. Alisimama karibu na rafu yangu, pale lilipo kopo la mafuta ya ng'ombe, yale ya kulainishia ngozi. Tunayo sisi wawili tu mtaa mzima. Alinipa mwenyewe kopo lile siku niliyoshona glavu yangu ya kwanza. Akalifungua. Akatazama alama za vidole juu ya mafuta.

"Nazi inaganda, ikiganda inashika," akasema kwa sauti ya chini. "Fundo la mtoto yule lilikuwa limeshika. Nimeona alama yake kwenye kamba, limekazwa kama la nahodha. Fundo kama lile halifunguki lenyewe. Na kwenye tundu nimenusa mafuta haya."

Nikachukua kitambaa, nikafuta rafu.

"Kesho saa nne Mmarekani hataniuliza mimi. Fundi wa glavu ile ni wewe. Ukisema ni uzembe wake, anabaki hapa, anashika panga la miwa. Ukisema jingine, anakwenda. Na sijui atakuaga vipi."

"Mjomba..."

"Mimi sitasema neno. Lakini nitakuja, nitakaa pale mlangoni. Nataka nisikie niliyemfundisha kazi anasema nini."

Akafunika kopo, akaondoka bila kuniaga.

Niliporudi chumbani, Leuris alikuwa amepakata glavu. Mkono mmoja umefungwa kifuani, mwingine unahangaika na kamba mpya, ncha nyingine ameishika kwa meno. Jasho linamtoka.

"Njoo, mwalimu," akasema na kamba mdomoni. "Nioneshe nilipokosea. Nilipitisha hapa, nikarudisha hapa, nikakaza. Wapi nilikosea?"

Nikaketi. Nikashika vidole vyake, nikavipitisha njia sahihi. Mkia ndani. Mara mbili.

"Aa," akasema. "Kumbe ndivyo. Kwa hiyo mimi nilikosea hapa."

Nilifungua mdomo. Kamba yake ilikuwa mkononi mwangu, na uso wake karibu hivi, na kwa mara ya kwanza sikuangalia miguu.

"Ndiyo," nikasema. "Hapo."

Akatikisa kichwa kama mwanafunzi, akaanza upya. Nje saa ya kanisa ikagonga saa kumi na moja jioni. Ilibaki kesho, saa nne.

Neno lenyewe jana sikulisema. Nalisema leo, hapa, kabla saa nne haijafika, mbele yenu wote.

Leuris, hukukosea popote. Fundo lako lilikuwa zima. Nililifungua mimi.